Upepo Uliomo Kichwani

Kwetu Tanga, mtu akiamka asubuhi mdomo umekwenda upande na mkono mmoja haunyanyuki, neno la kwanza utakalosikia ni upepo. "Kapigwa na upepo." Jirani akija ataongeza kwamba labda alipita sehemu mbaya saa za magharibi. Neno kiharusi watu wanalijua, redioni linatajwa, lakini kwa wengi hata hilo kiharusi ni jina jingine la upepo huo huo.

Sasa sikilizeni, wanachuo wenzangu. Mwaka huu, kwenye kozi ya fiziolojia, nimekutana na upepo wa kweli kabisa uliomo kichwani mwa kila mmoja wetu. Ni gesi. Ina atomu moja ya naitrojeni na atomu moja ya oksijeni, basi. Inaitwa naitriki oksaidi. Mwili unaitengeneza wenyewe, kwenye kuta za mishipa ya ubongo, na kazi yake ni kuilegeza mishipa hiyo ili damu ipite. Wazee wamesema upepo, vitabu vimesema gesi. Tofauti iliyopo ni moja, ila ni kubwa: kwa wazee, upepo ukiingia ndipo mtu anaanguka. Kwa fiziolojia, hatari inasogea pale upepo unapopungua.

Wote tuliopita Kemia sekondari tumeisoma gesi hii. Iko katikati ya safari ya kutengeneza asidi ya naitriki kiwandani, amonia inapochomwa juu ya platinamu. Iko tena kwenye moshi wa magari na kwenye mada ya mvua ya asidi. Yaani kwenye madesa yetu yote ni mhalifu. Na tusiichanganye na naitrasi oksaidi, ile gesi ya kuchekesha inayotumika kupunguza maumivu, wala na naitrojeni dayoksaidi yenye rangi ya kahawia. Majina yanafanana kama watoto wa mama mmoja, ila tabia ni tofauti kabisa.

Kwa nini ubongo uhitaji gesi ya kulegeza mishipa? Tuanze na matumizi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa ametulia unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Kila dakika unapitiwa na damu mililita 700 hivi. Na akiba hauna. Kwa mfano wa kichuo, ubongo ni mwanafunzi ambaye bumu lake linaingia kila sekunde na linaisha sekunde hiyo hiyo. Damu ikikatika sekunde kumi tu, mtu kashazimia.

Presha ya damu nayo haitulii. Umelala iko chini, umekimbilia daladala imepanda, umesimama ghafla imeshuka. Kama ubongo ungepokea damu kwa kufuata kila badiliko hilo, tungekuwa tunaanguka kila tukiinuka kitandani. Mwili unalimaliza jambo hili kwenye ukuta wa ateri zenyewe. Ukuta huo una tabaka. Ndani kabisa kuna utando mwembamba wa seli zilizopangwa safu moja, ambao ndio unaogusana na damu. Katikati kuna misuli laini iliyozunguka kama pete. Nje kunafika neva. Misuli ile haikai imebana kabisa wala imelegea kabisa, inakaa na mkazo wa wastani. Presha ikipanda inabana kidogo, presha ikishuka inalegea. Kwa mtu mwenye afya, mtindo huu unaiweka damu ya ubongo karibu palepale hata wastani wa presha ukizunguka kati ya 60 na 150 hivi kwa kipimo cha milimita za zebaki.

Na mabadiliko madogo yanatosha. Kwa kanuni ya Poiseuille, ambayo watu wa Fizikia wanaijua, mtiririko unafuata kipenyo kikipandishwa kwenye kipeo cha nne. Punguza upana wa mshipa kwa asilimia 10, damu inayopita inapungua kwa zaidi ya asilimia 30. Kwa hiyo anayeshika mkazo wa ile misuli ameshika maisha ya mtu.

Nani kaushika? Hapa ndipo palipo na stori ninayoipenda.

Robert Furchgott alikuwa mtafiti wa Brooklyn, New York. Kwa miaka mingi alikuwa akikata ateri za sungura vipande vyembamba na kuvipima. Kila akiweka asetilikolini, vipande vilibana, wakati ndani ya mwili wa mnyama mzima dawa hiyo hiyo hulegeza mishipa. Mwaka 1978 fundi wake wa maabara hakufuata mpangilio wa jaribio kama alivyopewa, na kipande cha ateri kikalegea. Furchgott hakukitupa. Alifuatilia mpaka akagundua siri: njia ya zamani ya kuandaa vipande ilikuwa inausugua ule utando wa ndani na kuuondoa. Utando ukiwepo, mshipa unalegea. Utando ukikosekana, unabana. Mwaka 1980 yeye na John Zawadzki walichapisha kwamba utando huo unatoa kitu fulani kinachoiamuru misuli ilegee. Kitu gani, hawakujua bado.

Jibu lilikuja baada ya miaka michache. Ferid Murad alikuwa ameshaonyesha tangu 1977 kwamba naitrogliserini, dawa ya siku nyingi ya maumivu ya kifua, inafanya kazi kwa kutoa naitriki oksaidi. Mwaka 1986 Furchgott na Louis Ignarro, kila mmoja kwa njia yake, wakapendekeza kwamba kile kitu cha utando ni gesi hiyo hiyo. Mwaka 1987 kundi la Salvador Moncada, mzaliwa wa Honduras aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, likathibitisha kwa vipimo kwamba seli za utando zinaitoa kweli. Tuzo ya Nobel ya 1998 ilikwenda kwa Furchgott, Ignarro na Murad. Moncada hakuwemo, na mpaka leo wapo wanasayansi wanaolalamika. Kinachochekesha zaidi ni kwamba Alfred Nobel mwenyewe, aliyetajirika kwa baruti ya naitrogliserini, uzeeni aliandikiwa na madaktari wake naitrogliserini hiyo hiyo kwa ajili ya moyo, naye akaikataa.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Damu ikipita kwa kasi inausugua utando. Kalsiamu inapanda ndani ya seli zake, kimeng'enya kinachukua amino asidi iitwayo ajinini pamoja na oksijeni, gesi inatoka. Kwa kuwa ni gesi, haihitaji mlango: inapenya kuta za seli kama harufu ya ubwabwa inavyopenya chumba hadi chumba hosteli. Ikifika kwenye misuli inaamsha kimeng'enya kingine, kinachotengeneza ujumbe wa ndani wa seli, kalsiamu ya misuli inashuka, misuli inalegea. Baada ya sekunde chache gesi imekwisha. Lazima itengenezwe upya, saa zote.

Nikadhani stori imeishia hapo, ila mhadhiri wetu akagusia neva. Kumbuka Kiswahili chetu: mshipa wa damu ni mshipa, na mshipa wa fahamu nao ni mshipa. Nimesikia watu wakisema lugha yetu inachanganya mambo hapa. Kwenye ubongo, mishipa hii miwili kweli inaongea.

Huko Japani, Noboru Toda na mwenzake Tomio Okamura walikuwa wakichunguza ateri za ubongo wa mbwa. Wakizisisimua neva zilizoko kwenye ukuta wa ateri, ateri inalegea. Wakauondoa utando wa ndani, bado inalegea. Wakaizuia asetilikolini isifanye kazi, bado inalegea. Lakini walipoweka kemikali inayozuia utengenezaji wa naitriki oksaidi, kulegea kukakoma, na walipoongeza ajinini kukarudi. Ilipofika 1990 walikuwa na hoja nzito: neva zenyewe zinatoa gesi. Tulizoea kwamba neva hutunza ujumbe wake kwenye vifuko vidogo na kuufungulia wakati ukifika. Gesi haifungwi kwenye vifuko. Neva hizi zinaitengeneza papo hapo na kuiachia.

Wakafuatilia zinatoka wapi. Zinatoka kwenye kifundo kidogo cha neva kilichoko nyuma ya pua, ndani kabisa ya uso. Kifundo hicho kikisisimuliwa kwa umeme, ateri za ubongo za mbwa na za nyani zinapanuka. Kikiharibiwa, zinasinyaa. Maana yake ni kwamba neva hizi hazingoji dharura, ziko kazini muda wote. Upande wa pili kuna neva nyingine zinazopanda kutoka shingoni na kutoa noradrenalini, ambazo huvuta kuelekea kubana. Kwa hiyo ateri ya ubongo ina upepo wa pande mbili, wa utando kutoka ndani na wa neva kutoka nje, na hao wa shingoni wanavuta kamba upande wao. Hata sasa unaposoma hapa, sehemu ya nyuma ya ubongo wako inayoshughulika na kuona imepelekewa damu zaidi, kwa kuwa seli za ubongo zinazofanya kazi nazo hutoa gesi hiyo pamoja na ishara nyingine kuiambia mishipa ya jirani ifunguke.

Nimeeleza yote haya kwa sababu ya baba mkubwa.

Yeye alikuwa mvuvi, mtu wa kucheka, na alikuwa na presha. Vidonge alikuwa akinywa kichwa kikimuuma na kuacha kikitulia. Siku alipoanguka ilikuwa alfajiri. Nyumba nzima ilikubaliana ni upepo, akaletwa mtaalamu wa mitishamba, kukafukizwa ubani, akakandwa mafuta. Hospitali alifika siku ya tatu. Hakufa, ila mkono wa kulia haukurudi, na maneno yanamtoka nusu nusu. Sina wa kumlaumu. Waliokuwa pale walimpenda na walifanya walichokijua. Mimi wakati huo nilikuwa kidato cha sita.

Presha ya juu inafanya nini kwenye upepo huu? Inautesa utando wa ndani miaka na miaka bila mtu kuhisi kitu. Utando uliochoka unatoa gesi kidogo, na hata hiyo kidogo inaharibiwa kabla haijafika kwenye misuli. Sigara inafanya hivyo hivyo, na kisukari pia. Ukuta unakuwa mnene na mgumu, unaacha kulegea inavyotakiwa, damu inapata nafasi ya kuganda, au mshipa mdogo unapasuka. Damu ikimwagika kuzunguka ubongo, balaa linaongezeka, kwa kuwa himoglobini iliyomwagika inaimeza naitriki oksaidi, na siku chache baadaye ateri zinaweza kujibana zenyewe. Kukosekana kwa gesi peke yake sio kiharusi, hilo lieleweke. Lakini ni moja ya njia ambazo kiharusi hupitia.

Na hili si jambo la baba mkubwa peke yake. Watafiti waliofuatilia viharusi Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 walichapisha matokeo yao 2010. Wakishasawazisha umri, walipata viharusi vipya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka upande wa Hai, na takriban 316 Dar es Salaam. Idadi hiyo ya Dar ni kubwa kuliko ya nchi nyingi tajiri.

Likizo iliyopita nilikaa barazani na shangazi, dada yake baba mkubwa. Naye ana presha. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza kuhusu vidonge vyake.

"Nimepumzika kidogo, mwanangu. Sijisikii kuumwa."

Nikamwambia, "Shangazi, ule upepo wa kaka yako nimeusoma chuoni."

Akacheka. "Siku hizi mnafundishwa uganga?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, bila majina ya Wamarekani. Kwamba kichwani kuna upepo mzuri, unatoka kwenye ngozi ya ndani ya mishipa na kwenye neva, unaifungua mishipa ili damu ipite. Kwamba presha inaichubua ile ngozi taratibu, wala haiumi. Alisikiliza kimya, mkono uko kwenye ungo wa mchele.

"Sasa upepo huo unafukuzwaje?"

"Haufukuzwi, shangazi. Unatunzwa. Ukitoroka ndipo mtu anaanguka."

Akapepeta kidogo. "Na kidonge ndicho kinautunza?"

"Kinaishusha presha ili ngozi ile ipone. Lakini ni kila siku, hata siku usiyoumwa."

Hakuniahidi kitu. Ila binamu yangu ameniambia sasa hivi vidonge vimewekwa karibu na mswaki, na hirizi bado iko juu ya mlango. Hirizi sikuigusa wala sikuizungumzia. Mimi nilichokuwa nakitaka ni kidonge.

Nimelifikiria sana neno lile, unatunzwa. Darasani tunafundishwa kwamba mwalimu aanze na kile ambacho mwanafunzi anakijua tayari. Tunakariri, tunajibu kwenye mtihani, tunapata alama. Halafu tukienda mazoezi ya kufundisha tunafika na majina ya kigeni tupu, na mtoto anaondoka akiamini kwamba mambo ya darasani yanahusu watu wengine. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekua akisikia "upepo" ana nusu ya somo kichwani. Ukimcheka, umeipoteza hiyo nusu. Ukimwachia hivyo hivyo, siku babu yake akianguka atachemsha mitishamba. Kazi yetu iko hapo katikati, na sijaona mtu mwingine wa kuifanya zaidi ya walimu.

Sasa mambo ya hapa hapa kampasi. La kwanza, kipindi cha UE. Kuna wenzetu wakiingia chumba cha mtihani wanahema haraka haraka mpaka kizunguzungu kinawashika na vidole vinafanya ganzi. Ukihema hivyo unaitoa kabonidayoksaidi nyingi mno, na ikipungua kwenye damu ateri za ubongo zinabana. Ubongo unanyimwa damu wakati ule ule unapotafutwa jibu la swali la kwanza. Keti, pumua polepole, acha gesi irudi.

La pili, vile vidonge vya bluu ambavyo jamaa wanauziana kimya kimya. Navyo vinapita njia hii hii: vinazuia kuvunjwa kwa ule ujumbe wa ndani ya misuli unaoanzishwa na naitriki oksaidi. Ukivichanganya na naitrogliserini au dawa za ukoo wake, presha inaweza kuporomoka mpaka mtu akafa. Nasema hivyo kwa sababu najua wapo wanaovinunua bila kumuuliza mtu yeyote.

La tatu, dalili. Mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umeishiwa nguvu, maneno yanavurugika, na vyote vimekuja ghafla: angalia saa, kisha hospitali. Saa ni muhimu kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Si kila hospitali yetu inayo, hilo ni kweli. Lakini hata pasipokuwa nayo, kuna mengi yanayoweza kufanywa siku ya kwanza ambayo siku ya tatu yamechelewa.

Wiki iliyopita nilikwenda zahanati ya chuo kupima presha. Nina miaka 22 na siumwi, na nesi aliniuliza mara mbili nimefuata nini. Ilichukua kama dakika tano, pamoja na za kukaa kwanza nitulie. Ilikuwa 128 kwa 84. Akaniambia si mbaya, ila kwa umri wangu na ukoo wangu nirudi baada ya miezi mitatu, nipunguze chumvi kwenye chipsi. Mwezi huo nimeshauandika ukutani, pembeni ya ratiba ya vipindi. Na wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu kuna mtu aliwahi "kupigwa na upepo", nenda kapime.